Kupanda Miti Msituni

Mwambie mtu wa Walikale kwamba watoto wa shule wamepanda miti, naye atacheka. "Miti? Huku kwetu? Huko si kupeleka maji mtoni?" Wala hakosi sababu ya kucheka. Walikale, katika Kivu Kaskazini, ni nchi ya msitu mkubwa. Mvua hunyesha karibu kila mwezi. Shamba likiachwa miaka miwili bila jembe, msitu huja kulidai kama mtu anayedai deni lake. Mtu arukaye kwa ndege kutoka Goma kwenda Kisangani hutazama chini kwa muda mrefu asione ila majani, na mito michache inayopinda kama nyuzi zilizoanguka.

Basi, kicheko hicho na kingoje kidogo. Ninyi wasomaji, tokeni kwanza darasani, mkasimame katika kiwanja cha shule yenu, mkatazame chini.

Katika shule nyingi mtaona udongo mwekundu, mgumu, uliokanyagwa na miguu ya watoto mamia. Hakuna jani. Watu waliojenga shule walikata kila kitu: miti mikubwa, isije ikaangukia paa, vichaka, nyoka asije akajificha humo, mwisho nyasi, ili mahali paonekane safi. Tangu siku ile watoto hupewa mifagio kila asubuhi. Hufagia majani makavu, na pamoja na majani hufagia vumbi, na vumbi hilo ndilo udongo. Mvua ikija haimkuti wa kuipokea. Matone huipiga ardhi tupu kwa nguvu, kisha maji hukimbia kuelekea bondeni yakichukua kile kilicholegezwa na mifagio.

Sasa nendeni ukutani, mkautazame msingi wa shule. Ikiwa shule ni ya miaka mingi, huenda mtaona alama: juu yake ukuta ulipakwa rangi, chini yake mawe ya msingi ni matupu, hayakupata rangi wala saruji laini. Alama hiyo ndiyo mahali udongo ulipofika siku ile mafundi walipomaliza kazi. Pimeni kwa shubiri kutoka alama hadi chini. Ikiwa ni shubiri moja, basi shubiri nzima ya kiwanja imekwenda mtoni, na kila asubuhi watoto wamesaidia kuipeleka kwa mifagio yao, wakisifiwa kwa usafi.

Kumbe jangwa dogo laweza kukaa katikati ya msitu mkubwa, na wenyeji wasilione, kwa kuwa wakiinua macho huona miti kila upande.

Mahali panapoonyesha jambo hili kwa ukubwa ni Bisie. Bisie ni kilima chenye msitu katika sekta ya Bakano, yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Walikale mjini. Zamani wawindaji ndio waliopita pale. Mwaka wa 2002 yakaanza kuchimbwa madini yaitwayo kasiteriti, yaani mawe mazito meusi yanayotoa bati. Habari hazikukawia kuenea. Baada ya miaka michache kilima kilikuwa kimegeuka mji wa vibanda vya turubai wenye watu zaidi ya 10,000, na hakuna barabara iliyofika huko. Kutoka kijiji cha Ndjingala, kilicho kando ya njia kuu, mtu alitembea kwa miguu msituni siku mbili, akivuka matope na vijito. Kila kitu kilipita mgongoni: unga, chumvi, mafuta, sabuni kwenda, magunia ya mawe kurudi, kila gunia kilo 50. Mawe yakifika Kilambo, ndege ndogo ziliyapokea. Nazo hazikutua katika uwanja wa ndege, bali juu ya lami ya barabara, na watu wa njiani wakikaa kando mpaka ndege ipite.

Hapa yafaa kusahihisha kosa moja linalowapata watoto wengi. Wakisikia neno bati, hufikiri ni yale mabati ya kuezekea nyumba. Sivyo. Mabati ya paa ni chuma kilichopakwa madini mengine yaitwayo zinki. Bati la Bisie ni kitu kingine. Ni madini laini, huyeyuka kwenye moto wa digrii 232 tu, na kwa sababu hiyo mafundi hulitumia kuunganisha nyaya ndogo ndani ya redio, simu na mashine za kila namna. Funga simu ya mkubwa wako mkononi: ndani yake mna matone madogo ya bati, na huenda tone moja lilibebwa na kijana kwenye njia ya Ndjingala.

Vijana wengi waliiacha shule wakaifuata njia ile. Mtu asiwahukumu upesi. Mzigo mmoja wa gunia uliweza kulipa kuliko mwalimu alivyolipwa kwa siku nyingi. Lakini mlimani kila kitu kilikuwa ghali, askari na watu wenye bunduki walitoza ushuru, mashimo yaliporomoka, na kijana aliyekwenda kwa mwezi mmoja akajikuta amekaa miaka. Mwezi wa Septemba 2010 serikali ikafunga machimbo yote ya aina hiyo katika Kivu na Maniema, ikayafungua tena mwezi wa Machi 2011. Baadaye kampuni iitwayo Alphamin ikapewa haki ya kuchimba Bisie. Ikakata barabara, ikajenga kiwanda, ikaanza kutoa bati mwaka wa 2019. Katika mwaka wa 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000.

Na miti? Kila shimo lilihitaji magogo ya kuzuia udongo usianguke. Kila kibanda kilihitaji nguzo, na kila chungu kilihitaji kuni. Mji wa watu 10,000 hupika mara mbili kwa siku, hata kama hakuna aliyekusudia kuuharibu msitu. Magogo yalikatwa kwanza karibu, kisha mbali kidogo, kisha mbali zaidi.

Wanafunzi wa shule hawawezi kukijaza tena kilima. Hawana mamlaka juu ya machimbo, wala juu ya barabara, wala juu ya bei ya bati huko London. Lakini kipo kipande kimoja cha ardhi ambacho wao ndio hukifagia, hukikanyaga na hukijua kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki wanafunzi wa sekondari wameunda vyama vya kutunza mazingira, na mara nyingi kazi yao ya kwanza imekuwa kupanda miti katika kiwanja cha shule.

Kenya ilitangulia: mwaka wa 1968 wanafunzi wa sekondari walianzisha huko vyama vya kulinda wanyama pori. Lakini hadithi inayofaa kusimuliwa kwa urefu ni ya Dar es Salaam.

Alikuwapo mwanamke Mwingereza, Bibi Jane Goodall. Mwezi wa Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, alifika Gombe, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika karibu na Kigoma, mkabala na nchi ya Kongo. Alikwenda kuwatazama sokwe. Alikaa msituni, akawazoea nao wakamzoea, na kwa kutazama kwa saburi aliona jambo ambalo wataalamu hawakulitazamia: sokwe hukata kijiti, hukiondoa majani, hukiingiza katika kichuguu, kisha huvuta mchwa na kuwala. Yaani mnyama hutengeneza chombo. Habari hiyo ikampa jina duniani.

Miaka thelathini baadaye alipita kwa ndege juu ya Gombe, akaona neno lililomhuzunisha. Msitu wa hifadhi ulikuwa umebaki kama kisiwa, na vilima vyote vya pembeni vilikuwa vitupu. Watu wa vijiji walikuwa wengi kuliko chakula cha shamba lao, wakakata miti mpaka juu ya miteremko, na mvua ikateremsha udongo ziwani. Akafahamu kwamba hakuna atakayewaokoa sokwe ikiwa majirani zao wana njaa. Kuanzia mwaka wa 1994 kazi mpya ilianza katika vijiji vile, wanavijiji wenyewe wakichagua la kufanya kwanza. Wakatenga sehemu za vilima zisilimwe, na msitu ukarudi, mara nyingi bila mche hata mmoja kupandwa. Visiki vilivyoonekana vimekufa vilikuwa na mizizi hai, vikachipuka. Katika mkoa wa Dodoma, penye ukame, wakulima nao hutumia njia hiyo na kuiita Kisiki Hai.

Hata kabla ya kazi ile ya vijijini, mwaka wa 1991, wanafunzi 12 wa sekondari walimtembelea nyumbani kwake Dar es Salaam, wakaketi barazani. Walikuwa na mambo mengi yaliyowasumbua. Waliona uchafu wa mji. Walisikia milipuko ya baruti baharini, wavuvi wakiua samaki wakubwa kwa wadogo pamoja na matumbawe yao. Walijua milima inayokatwa miti. Wakubwa waliyaona hayo hayo na hawakufanya neno. Mazungumzo yale ndiyo yaliyozaa chama cha wanafunzi kiitwacho Roots & Shoots, maana yake Mizizi na Machipukizi, na vikundi vikaanza katika shule zao. Kanuni yake ni nyepesi. Kila kikundi hujitafutia kazi ya kuwasaidia watu, kazi ya kuwasaidia wanyama, na kazi ya kusaidia mahali wanapoishi. Hakuna anayewaletea orodha kutoka mbali. Lazima kwanza watazame wao wenyewe, kama yeye alivyowatazama sokwe. Kutoka baraza lile chama kimeenea katika nchi zaidi ya 60.

Bibi Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 huko California, Marekani, akiwa na miaka 91, angali safarini. Siku ile ile wanafunzi na walimu walikuwa wakimngoja katika shule moja ya Pasadena, waanze pamoja naye kupanda miti mahali palipoteketezwa na moto mkubwa mwanzoni mwa mwaka. Habari ya kifo ikawafikia wakati walipokuwa wakikusanyika. Wakanyamaza kidogo, kisha wakaupanda mti wa kwanza kwa jina lake.

Sasa na turudi kiwanjani. Tuseme ni shule moja ya Walikale, au ya Masisi penye vilima vikali ambako misitu ilifyekwa kuwa malisho ya ng'ombe. Haina haja ya jina. Wanafunzi wameunda chama, mkubwa wa shule amekubali, na mwalimu mmoja ameteuliwa kuwa mlezi. Wafanye nini?

Wengi huanza vibaya, kwa haraka. Hupanga mawe kandokando ya njia, huyapaka chokaa, hupanda maua mawili matatu karibu na ofisi, nao huita hiyo bustani. Mgeni akija husifu. Lakini mawe yaliyopakwa chokaa hayazuii mvua, wala hayampi mtoto kivuli saa sita.

Chama chenye busara hungoja mvua kubwa, kikatoka kutazama maji. Yanaanzia wapi? Yanapita wapi? Yanachimba wapi? Mtoto mmoja achore kiwanja katika daftari: madarasa, choo, kisima, njia ya maji, mahali pa mpira. Pale maji yanapokimbia sana, miti peke yake haitoshi, maana mti mdogo hung'olewa na mkondo. Hapo huchimbwa mfereji unaokata mteremko, na ukingoni mwake hupandwa majani yenye mizizi mirefu, kama mchaichai au vetiva. Majani hayo huyapunguza maji mwendo, na udongo hushuka na kukaa nyuma yake. Kazi hiyo haipendezi machoni, hakuna anayeipiga picha, lakini bila hiyo mengine yote huenda bondeni.

Kisha ndipo waulize: mti gani? Hapa msitu wenyewe ni mwalimu. Katika misitu ya Kongo mahali palipofyekwa huota kwanza mti uitwao kombokombo, wenye majani makubwa kama miavuli. Hukua upesi ajabu, mbao zake ni nyepesi, na hauishi miaka mingi. Lakini chini ya kivuli chake huota miti ile mikubwa ya polepole isiyostahimili jua kali ikiwa michanga. Vivyo hivyo shuleni, haifai kupanda aina moja tu. Kuna miti ya kivuli cha upesi. Kuna miti ya matunda: avoka, embe, pera, na safu, ambalo tunda lake la zambarau huchemshwa au huchomwa likaliwa na chikwangwe. Na ipo miti ya watu ambao hawajazaliwa bado, kama mvule, utakaokuwa na urefu wa mita 30 na zaidi siku ambapo mpandaji hayupo tena. Mkaratusi hukua upesi na kuni zake ni nzuri, lakini hunywa maji mengi, basi usipandwe karibu na kisima. Na mti mkubwa wa namna yoyote usipandwe chini ya hatua 10 kutoka ukutani, ama sivyo mizizi yake itaingia msingini na matawi yake yatavunja paa, na mkubwa wa shule atakayekuja baadaye ataukata bila kuuliza.

Kitalu hutengenezwa karibu na maji, chini ya kivuli cha makuti au matawi. Vyombo si lazima vinunuliwe. Makopo ya zamani yaliyotobolewa chini, chupa za plastiki zilizokatwa katikati, magome ya mgomba yaliyokunjwa na kufungwa, vyote hufaa. Udongo wa juu wa msituni, ule mweusi wenye majani yaliyooza, huchanganywa na mchanga kidogo na samadi ya zamani. Jambo hili nalo huwashangaza watu: udongo wa msitu mkubwa si tajiri kama unavyoonekana. Utajiri wake uko juu kabisa, katika tabaka jembamba la majani yanayooza. Chini yake ni udongo mwekundu maskini. Ndiyo sababu mahali palipofagiliwa miaka ishirini pana shida ya kuotesha kitu.

Mche ukifikia urefu wa shubiri moja na nusu hivi, huzoeshwa jua kidogo kidogo. Shimo huchimbwa mapema, lenye upana na kina cha shubiri mbili au zaidi, na udongo wa juu huwekwa upande mmoja, wa chini upande mwingine. Siku ya kupanda, ambayo iwe ya mawingu au jioni, udongo wa juu hutangulia kurudi ukichanganywa na mbolea. Chombo huondolewa pasipo kuvunja donge la mizizi. Ikiwa mizizi imezunguka chini kama kamba, ile iliyojikunja hukatwa, maana mti uliopandwa na mizizi iliyojinyonga hukua miaka michache, kisha huanguka. Udongo ukandamizwe kwa mguu, maji yamwagwe, majani makavu yatandazwe kuuzunguka mche. Ndiyo, yale majani makavu ambayo kila asubuhi hufagiliwa na kuchomwa!

Yote hayo hufanyika kwa siku moja ya shangwe. Watoto huimba, mgeni hutoa hotuba, na chama huandika ukutani: miti 200 imepandwa. Siku hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Kesho yake huja mbuzi.

Huja mbuzi, na mpira wa miguu, na mtoto anayekata fimbo, na mchwa, na magugu yanayopanda juu ya mche hata yakauzika. Kisha huja likizo. Kwa muda wa likizo ndefu shule haina mtu. Miche mingi ya shule haiuawi na ukame wala na adui, bali huuawa na likizo. Chama kinachofikiri huandika zamu kabla ya kufunga shule: nani anakaa karibu, nani atapita Jumatano, nani Jumamosi, nani atatengeneza upya uzio wa mianzi ukivunjika. Mwenye zamu asiyekwenda hapewi adhabu na mtu. Mche wake tu ndio utakaosema wakati shule ikifunguliwa.

Mtu aliyelijua jambo hili vizuri alikuwa Bibi Wangari Maathai wa Kenya. Alizaliwa mwaka wa 1940 karibu na Nyeri, akasoma katika shule za masista, ya mwisho ikiwa Loreto huko Limuru, kisha akaenda Marekani kusomea elimu ya viumbe. Aliporudi aliona vijito alivyochezea utotoni vimekauka, na wanawake wa vijijini wanatembea mbali kutafuta kuni. Jaribio lake la kwanza la kitalu, huko Karura karibu na Nairobi, lilishindwa. Miche mingi ikafa kwa kukosa maji. Hakuacha. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake walipanda miti saba tu katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na hapo ndipo chama kiitwacho Green Belt Movement, yaani chama cha Mkanda wa Kijani, kilipopata mwanzo wake. Wanawake wa vijijini walioshika kazi hiyo hawakuwa na vyeti vya misitu. Walijua tu mbegu huota vipi, kama walivyojua maharagwe.

Bibi Maathai aliweka kanuni moja ya malipo. Mwanamke aliyeotesha miche alipewa senti chache kwa kila mche, lakini hakupewa siku ya kupanda. Alipewa baadaye, kwa ile iliyoonekana kuwa hai. Miti iliyopandwa kwa njia hiyo katika mashamba, makanisani na katika viwanja vya shule imezidi milioni 50, na mwaka wa 2004 mama huyo akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki mwaka wa 2011.

Shule haina senti za kugawa, lakini hesabu hiyo inaweza kuifuata. Afadhali chama kifute maneno yale ya ukutani, "miti 200 imepandwa", na mwisho wa mwaka kiandike: "miti 46 ingali hai". Namba ni ndogo, nayo ni ya kweli. Na mwaka unaofuata wapande 60, si 200, kwa kuwa sasa wanajua mikono yao inaweza kulinda mingapi.

Kuna jambo gumu zaidi ambalo vitabu vya upandaji miti havilisemi sana, kwa sababu viliandikwa katika nchi zenye amani. Mwezi wa Machi 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Walikale mjini. Watu wakakimbilia msituni na vijijini, na machimbo ya Bisie yakasimama. Mwezi wa Aprili wapiganaji wakaondoka, na kiwanda kikaanza tena kazi. Katika Kivu Kaskazini, kila mara watu wanapokimbia, hulala wapi? Mara nyingi hulala shuleni, kwa kuwa shule ina paa. Jamaa kumi hulala katika darasa moja. Asubuhi mama huamka na watoto wenye njaa, ana unga kidogo, ana sufuria, hana kuni. Hutoka nje. Mbele yake kuna mti wa chama, mnyoofu, mkavu kidogo matawini.

Naye ataukata. Hakuna mtu mwenye moyo atakayemkemea. Wanafunzi wa chama wanaoishi katika nchi kama hiyo wanapaswa kulitazamia jambo hili kama wanavyoitazamia mvua. Tena si vita tu: hata wakati wa amani walimu hupika, na mji wa Goma hula makala ya misitu ya mbali. Ndiyo maana tangu mwaka wa 2007 wakulima wengi wa Kivu Kaskazini wamepanda miti ya makala katika mashamba yao, ili Hifadhi ya Virunga ipumue.

Kwa hiyo nyuma ya madarasa, mbali na miti ya matunda, ipandwe safu mbili au tatu za miti ya kukatwa: mjohoro, lusina, kaliandra. Miti hii haikasiriki ikikatwa. Na wageni wanapofika waonyeshwe safu hizo mapema, kwa adabu, kabla hawajachukua panga. Waombwe neno moja tu: wasing'oe, wala wasikate chini kabisa, bali waache kisiki cha kimo cha goti, kilichokatwa kwa mshazari ili maji ya mvua yasikae juu yake na kukiozesha.

Baada ya majuma machache ya mvua kisiki cha mjohoro huchipuka pande zote, machipukizi kumi au zaidi, mekundu kidogo kwenye ncha. Yakiachwa yote hubaki kichaka. Mwanafunzi wa zamu huchukua kisu, huchagua mawili au matatu yaliyonyooka, yaliyo upande wa upepo, na mengine huyakata akawapa mbuzi.